Kiwiko cha Sauti ya Pili

Jumamosi, 23 Novemba

Mvua ya kwanza leo. Ilitanguliwa na vumbi, kama kawaida ya hapa kwetu Area D, Dodoma. Vumbi lilifunga macho ya kila mtu, kisha matone yakaanza kuanguka moja moja juu ya bati kana kwamba mvua haijaamua. Ilipoamua, Mama alitoka mbio kuanua nguo, nami nikatoka mbio kuweka chupa yangu ya kupimia katikati ya uwanja. Tuligongana mlangoni, tukacheka.

Kabla haijakatika, Mjomba Zablon alipiga simu kutoka kijijini Mvumi kuuliza kwetu imefika kiasi gani. Mjomba ni kaka yake Mama na ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wanaopima mvua kwa chupa za maji zilizokatwa shingo. Kila asubuhi wanatuma vipimo vyao kwa simu za kitochi kwenda Tone.

Tone ni programu iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo kikuu kule Chimwaga. Inapokea vipimo vya wakulima na kuwarudishia ushauri kwa meseji. Ni programu huria, yaani msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma, na akiona kosa anaweza kutuma marekebisho. Mimi nimeusoma wote, kama wengine wanavyosoma hadithi.

Na kosa lipo. Mwezi wa pili mwaka huu, mvua ilipopumzika, Tone iliwatumia watu wa Mvumi ujumbe huu: "Vuli imekwisha. Lima shamba upya kujiandaa na masika." Uwele ulikuwa unafika magotini! Huku kwetu hatuna vuli na masika. Tuna mvua moja, inaanza mwezi wa kumi na moja na kuishia wa nne, na katikati inapumzika kidogo. Kikundi kizima kilicheka, isipokuwa mzee mmoja aliyeamini, akang'oa kona nzima ya shamba kabla mkewe hajamkuta. Wenzake walitaka kujitoa wote. Mjomba akawaapia kwamba jambo hilo halitajirudia, kwa sababu mpwa wake anajua kompyuta, atalitengeneza.

Mpwa huyo ni mimi. Sikuulizwa.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimelipata kosa. Ni mistari miwili tu! Programu inaamini kwamba, popote ulipo Tanzania, siku kumi kavu baada ya mwaka mpya maana yake vuli imekwisha. Nilirekebisha, nikaijaribu kwa vipimo vya Mvumi vya mwaka huu, nayo ikanyamaza vizuri. Nilifurahi hadi nikaosha vyombo bila kuambiwa.

Jumanne, 26 Novemba

Kazi ni kutuma. Mwongozo wa wachangiaji una kurasa kumi na moja, zote kwa Kiingereza. Kisha kuna fomu. Swali moja linataka ueleze madhara ya badiliko lako, na linalofuata linauliza kama umeyaeleza. Baada ya hapo lazima wakaguzi wawili waidhinishe.

Rafiki yangu Jaha, mtu wa Kondoa anayekaa kwa shangazi yake nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliisoma fomu yote akiwa amejilaza kitandani kwangu.

"Yudi," akasema, "hawa wanatafuta marekebisho au mchumba?"

Nilicheka, lakini nitasema ukweli hapa ambapo hakuna anayesoma. Fomu hainisumbui sana. Fomu haikutazami usoni. Haikuulizi kwa nini unaongea taratibu.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimetuma. Nilianza na "Samahani kwa usumbufu".

Ijumaa, 29 Novemba

Kimya.

Jumamosi, 7 Desemba

Jibu! Limetoka kwa kompyuta, si kwa mtu. Mistari yangu imeingia ndani nafasi mbili badala ya nne. Nimerekebisha.

Jumamosi, 14 Desemba

Jibu lingine. Sikujaza sehemu ya tisa, inayomtaka mchangiaji ataje msimamizi wake. Nimemtaja Mama.

Jumapili, 15 Desemba

Kwaya inajiandaa kwa Krismasi. Nilijiunga mwezi wa kumi, sauti ya pili, kwa sababu Mama alisema nikiendelea kukaa chumbani nitaota ukungu. Nilidhani kungekuwa na mtihani. Hakuna. Siku ya kwanza nilisimamishwa katikati ya watu wawili wanaojua, na mmoja wao ni Mama Emilia, fundi cherehani wa Majengo. Ukikosea, hasimamishi wimbo wala hakutazami. Anakugusa tu ubavuni na kiwiko, kisha anaimba sauti sahihi karibu na sikio lako, nawe unaifuata. Kwaya nzima haijui.

Leo nimeguswa mara nyingi. Ubavu unauma kidogo, lakini wimbo ninao.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali, kuku, mvua ya kutosha. Kiwiko kimoja tu ibada nzima.

Alhamisi, 2 Januari

Mtu amejibu, mtu kweli. Anaitwa Gaudence, ni mkaguzi wa pili wa Tone na anaishi Arusha. Ameandika: "Tanzania ina misimu miwili ya mvua, vuli na masika. Mchango huu unapingana na hilo. Tafadhali ambatisha ushahidi wa kisayansi."

Niliandika jibu refu lenye hasira, nikalifuta. Nikaandika lingine fupi lenye hasira zaidi, nikalifuta pia. Mwishowe nikatuma: "Asante, nitaleta ushahidi." Kisha nikajifunika shuka.

Jumamosi, 4 Januari

Nimetuma vipimo vyote vya Mvumi. Kompyuta imejibu kwamba viambatisho vina fomu yao.

Ijumaa, 10 Januari

Mjomba amepiga simu. Uwele umesimama vizuri, karanga zimetoa maua. Akauliza, "Mjomba, ile mashine umeshaiambia?" Sisi huitana hivyo, yeye mjomba na mimi mjomba. Nilimwambia nimeiambia, bado haijakubali. Akasema watu wa kikundi wameanza kumtania kwamba mwezi wa pili uko njiani.

Jumatatu, 13 Januari

Shule imefunguliwa. Tumeingia kidato cha tatu. Jaha amesimulia darasa zima kuhusu Gaudence wa Arusha, na sasa kila mvua ikinyesha kuna anayeuliza kama hiyo ina ushahidi wa kisayansi.

Jumamosi, 18 Januari

Nina mengi ya kuandika.

Jaha alishikilia twende Chimwaga tukamtafute Abdulnasiri, yule mwanafunzi aliyeianzisha Tone, kwa kuwa jina lake liko juu kabisa ya programu. Nilitoa sababu zote za kutokwenda. Alizisikiliza huku akinifunga kamba za viatu.

Nilitegemea kumkuta mtu mzima mwenye tai. Tulimkuta nje ya bweni kijana mwembamba, sahani ya chipsi mayai magotini na kompyuta juu ya ndoo iliyogeuzwa. Yeye na Jaha wakagundua wote ni wa Kondoa, wakaanza kuulizana habari za watu, nami nikasahaulika kwa raha zangu. Kisha Jaha akanisukuma mbele. "Huyu ndiye mwenye mistari miwili."

Abdulnasiri alifikiri kidogo, akakumbuka, akashika kichwa. Akatugeuzia kompyuta tuone foleni. Michango zaidi ya mia ilikuwa inasubiri. Mmoja ulitumwa nikiwa bado shule ya msingi. Wakaguzi walikuwa saba, akasema, wamebaki yeye na Gaudence, na yeye anamaliza chuo mwaka huu na bado ana mradi wa mwisho wa kuandika. Alikuwa ameshaandika tangazo la kuifunga Tone mwisho wa mwezi wa pili.

Sijui nilipata wapi sauti. Nilimuuliza maswali yote yale ya kwenye fomu yalitoka wapi.

Hakukasirika. Alinionyesha moja moja. Hili aliliweka baada ya mtu kufuta vipimo vya wiki nzima. Hili baada ya mwingine kukosea tarehe. Hili la msimamizi halikumbuki, ila lazima kuna mtu alifanya jambo. Kila kosa lilipoingia, aliongeza swali ili lisirudi, na alipogeuka akakuta amejenga ukuta na yeye yuko upande wa ndani, peke yake.

"Sikutaka kumzuia mtu," akasema. "Nilitaka tu mtu asikosee."

Hapo nikamweleza kuhusu kwaya. Nilianza vibaya, nikitazama chipsi zake badala ya uso, lakini niliendelea. Nilisema kwetu watu hukosea kila mazoezi, na wimbo unatoka vizuri, kwa sababu anayejua amesimama karibu. Kama Mama Emilia angekuwa anaishi nyumba nyingine na kuniandikia barua baada ya mwezi kwamba nilikosea ubeti wa pili, nisingejua hata ni wimbo gani anausema.

Abdulnasiri aliacha kula. Akauliza mazoezi yetu ni lini.

Jaha alisema njiani kwamba nimeongea maneno mengi kuliko yote ya mwaka jana yakijumlishwa.

Ijumaa, 24 Januari

Mvua nzuri alfajiri. Milimita tisa.

Jumamosi, 25 Januari

Alikuja! Aliketi benchi la nyuma na kofia yake, Jaha pembeni. Mama Emilia hakubali mtu akae nyuma. Akamwendea, naye akasimama haraka na kumwamkia. Mama Emilia akaitikia marahaba na kumuuliza anaimba sauti gani. Abdulnasiri akasema kwa adabu kwamba yeye ni Mwislamu, amekuja tu kujifunza wanavyokaguana. Mama Emilia akafikiri, akampa soda na kiti cha mbele kabisa, akisema kutoka huko nyuma angejifunza migongo tu.

Leo pia tulipata mgeni sauti ya pili, Anitha, msichana wa kidato cha kwanza. Akawekwa katikati yangu na Mama Emilia. Alikosea upande wangu, nami nikashindwa kumgusa. Niliona aibu kwa ajili yake. Akaimba vibaya ubeti mzima hadi mwalimu wa kwaya akasimamisha kila mtu, na Anitha akatazama sakafu.

Baadaye Mama Emilia aliniita pembeni. Hakuwa mkali. "Usipomgusa unamwacha peke yake," akasema.

Nimekuwa nikilifikiria neno hilo tangu jioni. Siku zote nilidhani kumnyamazia mtu ni upole.

Jumatatu, 27 Januari

Abdulnasiri amefuta ile fomu. Yote! Mwongozo mpya ni wa Kiswahili na unaenea kwenye kioo cha simu. Leta badiliko dogo. Utapewa mtu mmoja anayejua, mtakaa pamoja au mtapigiana simu wiki hiyohiyo. Penye kosa dogo atakugusa, mtarekebisha hapohapo, liingie. Mtu huyo haitwi tena mkaguzi. Anaitwa kiwiko.

Gaudence amepinga kwa aya nne. Anasema makosa yataingia kama nzige. Mwishowe amekubali jaribio la siku moja, Jumamosi, na amechagua mchango wa kuanzia. Wangu. Na kiwiko changu atakuwa yeye mwenyewe, kwa simu.

Jumatano, 29 Januari

Jua kali. Haijanyesha tangu Ijumaa. Isiponyesha hadi Jumatatu asubuhi, zitatimia siku kumi, na Tone itawaambia watu wa Mvumi wang'oe uwele.

Nimemuomba Jaha azungumze badala yangu. Amekataa.

Jumamosi, 1 Februari

Abdulnasiri aliomba chumba kimoja cha darasa pale chuoni. Tulikuwa watu kama kumi, wawili wawili, kila mmoja na kiwiko chake, na zogo lilikuwa kama la mazoezi ya kwaya kabla mwalimu hajafika. Mimi nilikaa pembeni, kompyuta ya chuo mbele yangu na simu ya Jaha mkononi. Ikaita.

"Dada Yudith, unanisikia?"

Nikatingisha kichwa. Jaha akaninong'oneza kwamba simu haioni kichwa.

"Nakusikia, kaka," nikasema.

Nilitegemea mtu wa sauti nzito. Ana sauti nyembamba na mafua. Akasema tusibishane, tuchore. Tukachora mvua ya Arusha kwa vipimo vya mwaka mzima, na mstari ukapanda na kushuka mara mbili, vilima viwili vilivyo wazi. Kisha tukachora ya Mvumi. Kilima kimoja kirefu, na kibonde kidogo juu yake, mwezi wa pili.

Akaniuliza mara mbili kama vipimo hivyo ni vya Mvumi kweli.

"Kumbe yenu ina nundu moja," Gaudence akasema, "kama ng'ombe."

Nilicheka kwa sauti. Watu waligeuka, na sikujali sana.

Nikafikiri tumemaliza. Hapo ndipo aliponigusa ubavuni. Akasema mstari wangu wa kwanza unataja Dodoma kwa jina. Sasa mtu wa Manyoni, ambaye mvua yake ni hii hii lakini yuko mkoa wa Singida, yeye aendelee kung'oa uwele? Uso ulinichoma. Tangu mwezi wa kumi na moja nilikuwa nikiulalamikia ukuta wao, na kosa lile lile la kuona kwetu tu lilikuwa kwenye mistari yangu miwili.

Zamani ningejifunika shuka. Leo hapakuwa na shuka, na yeye alikuwa bado yuko kwenye simu, akipenga kamasi, akisubiri. Tukalifanya pamoja. Tone isitazame jina la mkoa. Itazame vipimo vya miaka iliyopita vya mahali penyewe, ihesabu nundu. Pasipo na vipimo, inyamaze. Mistari miwili ikawa sita, na ni mizuri kuliko ile yangu.

Kisha akaniambia niandike mwenyewe ujumbe watakaoupata wakulima. Niliandika, akasoma, akaondoa neno moja, akabonyeza. Ukaingia!

Zaidi ya miezi miwili ya kusubiri, na kazi yenyewe imechukua muda wa kunywa chai. Jaha alipiga vigelegele hadi mlinzi akachungulia dirishani. Nje hakukuwa na wingu hata moja.

Jumatatu, 3 Februari

Mjomba alipiga simu kabla sijaondoka kwenda shule. Nyuma yake nilisikia watu wengi. Alisema kikundi kizima kilikuwa kimekusanyika nyumbani kwake tangu alfajiri kuisubiri meseji ya Tone, wengine wakiwa wamejiandaa kumcheka, na yule mzee wa mwaka jana ameketi mbele kabisa, mkewe amemshika shati.

Ujumbe uliingia. Mjomba akawasomea kwa sauti, akanisomea na mimi kana kwamba sikuuandika: "Mvua imepumzika, msimu haujaisha. Palilia, usilime upya."

Kisha mtu mmoja akasema, naona hiyo mashine nayo imehamia Dodoma kama serikali. Nilisikia wote wakiangua kicheko, na Mjomba akicheka kuliko wote, kicheko cha mtu aliyeweka jina lake mahali na kulikuta salama.

"Mjomba," akasema, "umenipa usingizi."

Nilichelewa kuhesabu namba shuleni. Nilifagia darasa kama adhabu, nikiimba.

Jumatatu, 10 Februari

Gaudence alisema kweli, makosa yameingia. Mtu mmoja alibadilisha vipimo, na leo Tone imetangaza kwamba jana Kongwa ilinyesha mita kumi na nne. Jaha anauliza kama Wakongwa waliokolewa na safina. Kosa limeonekana mchana na kurekebishwa kabla ya magharibi, na aliyelifanya ndiye aliyelirekebisha, kiwiko chake akiwa kwenye simu.

Abdulnasiri, kwa mazoea, alikuwa ameanza kuandika swali jipya kwa wachangiaji: "Je, umehakikisha ni milimita?" Nilimpigia mimi. Nilipiga mwenyewe! Nikamwambia swali hilo iulizwe kompyuta, asiulizwe mtu. Sasa programu inajijaribu yenyewe kabla ya kupokea chochote, na mvua ya mita inarudishwa hapohapo.

Gaudence ameandika: "Nakubali." Hakuna aya nne.

Jumatano, 19 Februari

Imerudi! Tulikuwa katikati ya somo la Jiografia. Mabati yalipiga kelele hadi mwalimu akaacha kufundisha na sisi tukaacha kujifanya tunasikiliza. Jaha aliniandikia kwenye kiganja chake: NUNDU MOJA.

Ijumaa, 28 Februari

Mwisho wa mwezi wa pili. Abdulnasiri hajatoa lile tangazo. Ameandika tu kwamba viwiko ni kumi na wanne, foleni imebaki michango mitatu, na yeye anakwenda kulala.

Jumapili, 9 Machi

Nilimgusa Anitha mara mbili ibadani. Hakutazama sakafu. Baada ya ibada alisema kiwiko changu kina mfupa mbaya, niongeze ugali.

Jumamosi, 15 Machi

Uwele wa Mvumi umeanza kutoa masuke. Mjomba ameahidi kutuletea karanga mbichi.

Leo asubuhi mchango mpya umeingia Tone, kutoka Kondoa. Umetumwa na msichana anayeitwa Rukaya, kidato cha pili. Ameona kwamba wakati wa Ramadhani meseji za Tone zinaingia muda ambao watu waliokula daku wamerudi kulala, na ameandika mistari michache ya kuzisogeza mbele hadi wanapoamka. Ni kitu kizuri, na hakuna kati yetu aliyekifikiria. Kuna kosa dogo kwenye saa. Juu kabisa ameandika, "Samahani kwa usumbufu."

Nilisoma maneno hayo mara kadhaa. Abdulnasiri aliuliza nani atakaa naye, na kabla Jaha hajaanza kunisukuma nilikuwa nimeshaandika jina langu. Nikatoka na simu uwanjani, nikasimama karibu na chupa yangu ya kupimia, nikapiga.

Ikapokewa. Hakuna aliyesema kitu. Nilisikia pumzi tu, ya mtu ambaye pengine alikuwa anatingisha kichwa. Ninaijua sana pumzi hiyo.

"Rukaya," nikasema, "mimi naitwa Yudith. Sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo sogeza simu sikioni. Mistari yako ni mizuri. Tuitazame pamoja ile ya saa."